Lachlan Pettigrew na Kamba Namba Saba

Mchungaji, ndugu, jamaa, majirani wa Auchenbrae, na ninyi nyote mliotoka Kilbrannan na skafu zenu za bluu, mimi ni Effie Pettigrew, mdogo wake marehemu, na familia imeniteua nisome historia hii kwa sababu Gregor, mwanawe, alisema akisimama hapa atalia, na mimi, kama mnavyonijua, nikisimama hapa nitagomba tu.

Kabla sijaanza niseme jambo moja, maana mmekuwa mkinong'ona tangu Jumapili na masikio ninayo. Jeneza litashushwa kwa kamba nane kama ilivyo desturi yetu, na kadi za washika kamba Lachie aliziandika mwenyewe akiwa kitandani, na zote zimeshawafikia wenyewe isipokuwa moja, ya kamba namba saba, ambayo ina jina la Wullie Carswell na bado iko mkobani mwangu. Rhona, binti yake, alitaka kuitia motoni, Gregor akasema neno la baba halichomwi, wakagombana siku nne mfululizo, mpaka wifi yangu Ishbel akaniambia, "Effie, soma maisha yake yote mbele ya watu, ukifika mwisho utajua mwenyewe kama umpe au usimpe." Haya, nasoma.

Marehemu Lachlan Dugald Pettigrew alizaliwa Jumapili tarehe 14 Oktoba 1951, nyumba namba 9, Mtaa wa Loanfoot, hapa hapa Auchenbrae, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Dugald Pettigrew, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Marion, na mama alikuwa akisema alitanguliza miguu, jambo lililompa mkunga kazi kubwa na kumpa baba hadithi ya kusimulia baa kwa miaka thelathini.

Alianza shule ya msingi Auchenbrae mwaka 1956, akaketishwa dawati moja na Wullie, mtoto wa nyumba ya pili, na tangu siku hiyo ukimwona mmoja ulijua mwingine hayuko mbali, Wullie golini, Lachie pembeni kulia, na jioni wote wawili mezani kwetu, nyama ya kusaga na viazi, sahani mbili zilizojaa sawasawa. Mama alikuwa akimwambia, "Kula, Wullie, hapa ni kwenu," na alikula, Mungu ni shahidi. Lachie alimaliza masomo mwaka 1967 bila cheti cha kujivunia, akaingia mgodini kujifunza ufundi wa mitambo, lakini kila mtu alijua akili yake yote iko miguuni.

Tarehe 4 Agosti 1969, siku ya Jumatatu, alitia saini Kilbrannan Rovers, yeye na Wullie siku moja, kwa kalamu moja, na kwa misimu tisa akacheza mechi 271 na kufunga mabao 43, na alivyokuwa akiwazungusha mabeki, jukwaa zima lilikuwa likipiga kelele, "Lachie, mwonee huruma, baba wa watu huyo!" Wullie hakubahatika, alivunjika kifundo cha mkono mwaka 1974, klabu ikambakiza kama mchua misuli, na Lachie alifurahi kama vile yeye ndiye aliyepewa kazi, kwa kuwa sasa miguu yake ilikuwa mikononi mwa mtu anayemwamini.

Alifunga ndoa na Ishbel Rankine Jumamosi tarehe 16 Juni 1973, katika kanisa hili hili, mpambe wake akiwa Wullie, ambaye alisimama na glasi yake akasema, "Mimi na huyu hatuna siri," tukampigia makofi, jamani, tukampigia makofi. Walijaliwa watoto wawili, Gregor mwaka 1975 na Rhona mwaka 1979.

Sasa nafika mahali ambapo historia za marehemu husema "alistaafu soka kutokana na majeraha" kisha zikapita haraka. Mimi sipiti. Alhamisi tarehe 6 Aprili 1978 Lachie alipigwa picha ya goti la kulia, hospitali ikaandika barua kwa klabu kwamba mfupa una ufa chini ya goti na asiguse mpira kwa miezi minne, na barua hiyo aliipokea Wullie. Jumamosi ilikuwa nusu fainali ya kombe. Kocha wa wakati ule, ambaye naye ni marehemu na sitamtaja, alimwambia Wullie anyamaze, na Wullie akanyamaza, akamfunga kaka yangu bendeji, akampiga begani, akamwambia, "Picha safi, Lachie, ni msuli tu, nenda kawamalize." Dakika ya sabini na moja mguu ulivunjika, na wanaosema walisikia mlio wake kutoka jukwaani hawaongezi chumvi, mimi nilikuwepo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na hakucheza tena hata siku moja. Kiangazi hicho Wullie akapandishwa cheo, akawa kocha msaidizi.

Kuanzia Januari 1979 hadi Oktoba 2016 Lachie alikuwa mtunza majengo wa shule yetu, akisukuma theluji kwa mguu usiokunjika, akipasuliwa goti mara tatu, wala hakumlaumu mtu, alisema ni bahati mbaya, mpira ndivyo ulivyo. Na kila Ijumaa kwa miaka hiyo yote Wullie alifika nyumbani kwake kucheza dhumna, akiingia na kusema, "Shemeji, leo umepika nini?" na Ishbel akimpakulia, na Wullie akilitazama lile goti na kutikisa kichwa kwa huruma. Huruma! Hiyo ndiyo inayonichoma hadi leo, kuliko hata barua.

Ijumaa tarehe 14 Oktoba 2016 Lachie alitimiza miaka sitini na mitano, na mchana akaja kijana mmoja mwungwana anayetunza kumbukumbu za klabu, amekusanya karatasi za zamani kutoka jukwaa lililobomolewa, akazipanga kwenye jalada zuri kama zawadi, ratiba, picha za timu, na katikati yake barua ya hospitali, ambayo masikini hakuisoma, ina tarehe, na pembeni, "Nimepokea, W. Carswell." Lachie aliisoma mara mbili, akamshukuru kijana, akamwambia Ishbel, "Chemsha chai, mke wangu."

Jioni Wullie akaja kama kawaida, wakacheza, barua ikiwa chini ya sanduku la dhumna, karibu kabisa na mkono wake, na Lachie akamuuliza polepole, "Wullie, ile picha ya goti kabla ya nusu fainali, hivi ilisemaje?" Alikuwa anampa mlango, mnaelewa? Ishbel anasema alikuwa anamwomba kwa macho. Wullie akacheka, akasema, "Mambo ya kale hayo, ndugu yangu! Ilikuwa safi kabisa." Lachie akamaliza mchezo, akamsindikiza mlangoni, akamwambia, "Ijumaa ijayo usije," na kwa miaka saba watu hawa wawili walipishana kwenye duka la nyama katika kijiji cha barabara moja bila kusemezana.

Jumatano tarehe 22 Novemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akauguzwa nyumbani, na Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, Ishbel akiwa amemshika mkono, alifariki dunia, akiwa na miaka sabini na miwili. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na mimi.

Familia inawashukuru wauguzi waliokuja kila siku hata barabara ilipofungwa na barafu, majirani wa Loanfoot kwa supu na makaa, walimu na wafanyakazi wa shule, wachezaji wenzake wa zamani, na kwa namna ya pekee Daktari Mairi Strachan, aliyemwambia ukweli siku ile ile alipoujua, mpaka Lachie akamshika mkono na kumwambia, "Daktari, wewe ungekuwa mchua misuli mzuri sana." Baada ya mazishi, pai ya nyama na chai vipo hotelini, karibuni wote.

Imebaki kadi. Mbele ameandika, "Namba 7, Wullie Carswell," na mnaozijua kamba zetu mnajua namba saba inakaa wapi, kulia, usawa wa goti. Nyuma kuna maneno mawili, ambayo mimi mwenyewe nimeyaona asubuhi hii tu, maana siku zote nne tulikuwa tukigombana juu ya jina: "Mwulizeni tena." Basi asije mtu akakaa na chai yake pale hotelini akasema Lachie amesamehe, kwa sababu neno hilo hakuliandika, na mwandiko wake ninaujua.

Hapa sisomi tena, nasema. Wullie, weka hiyo kofia chini, ukae, sijamaliza. Tukifika kaburini majina yataitwa kwa namba, na zamu ya saba nitakuita mimi, nikuulize mbele ya Ishbel na watoto wake, ile picha ilisemaje. Ukisema kweli, kamba ni yako, kaka yangu amekupa, na mimi sina la kuongeza. Ukisema ilikuwa safi, shika njia uende kwako, glavu nimevaa, nitamshusha mwenyewe.

Lachie, kaka yangu, pumzika kwa amani, hilo swali niachie mimi.