Njoo na Anayekusikia: Miaka Kumi na Tisa ya Mama Kanyere

Mama Kanyere Vahwere aliingia katika chumba cha meno cha hospitali yetu hapa Bunia mwezi Februari 1970, kazi yake ikiwa kuchemsha vyombo. Tarehe 31 Julai 1989 anastaafu akiwa fundi wa meno. Katika miaka hiyo kumi na tisa alikosa kazini mara chache, na alikosa la kusema mara chache zaidi.

Meno ya bandia aliyatengeneza vizuri, lakini jina lake lilivuma kwa watu wanaosaga meno usingizini. Walifika na taya zinazouma asubuhi, vichwa vizito na magego yaliyolika, na karibu wote walikuwa wameshameza dawa ya minyoo. Mama Kanyere hakubishana na wanaosema ni minyoo inayosagisha meno. Alikuwa na sharti moja: "Weye unalala, utajua nini? Lete mutu mwenye anakusikia." Bila msikilizaji, hakushika hata kioo cha mdomo.

Mwaka 1976 sharti hilo lilituudhi. Mwalimu Kamate wa Gety alikuja peke yake, kwa sababu mkewe, Geneviève, alikuwa amerudi kwa wazazi wake Irumu. Mashangazi zake walikuwa wamemwambia kwamba mume anayesaga meno kando ya mke anamchukia moyoni, na ndoa ilikuwa karibu kuvunjika. Mama Kanyere akamtuma Mwalimu amlete mke huyohuyo. Tulimwona ana roho ngumu kweli.

Wiki iliyofuata benchi letu lilijaa: Mwalimu, Geneviève, baba yake, na mashangazi wawili waliokuja kuhakikisha. Geneviève aliombwa aige sauti anayoisikia. Akaokota vijiwe viwili uani, akavisugua, na foleni nzima ikaangua kicheko, hata Mwalimu, ambaye hakuwahi kujisikia akisaga. Kicheko kilipotulia, Mama Kanyere akaviweka vidole vya Geneviève kwenye taya za mumewe. Zilikuwa zimekaza mchana kweupe! Akauliza hali hiyo ilianza lini. Geneviève akafikiri, akajibu: tangu mkaguzi wa shule atangaze kwamba atakuja, na darasa limejaa hadi dirishani. Shangazi mkubwa akatikisa kichwa. "Kumbe ni ile masomo anatafuna, hapana mutoto yetu."

Mwalimu alipewa kifuniko cha plastiki cha kuvalia meno ya juu anapolala, pamoja na mawaidha ambayo sote tumeyashika. Kifuniko kinalinda meno, hakiondoi wasiwasi. Mchana midomo ikutane, meno yaachane. Jioni, kitambaa cha maji ya moto kwenye taya, na kahawa isiguswe. Geneviève alirudi Gety na mumewe siku hiyohiyo. Kifuniko cha kwanza Mwalimu alikitafuna hadi kikatoboka, lakini cha pili kilidumu.

Mwaka jana gego la Mama Kanyere mwenyewe lilipasuka. Akasingizia jiwe katika mchele. Sisi, kwa furaha kubwa, tukamwimbia sharti lake: alete anayemsikia. Lakini mumewe alifariki mwaka 1981, watoto wako Butembo, na katika nyumba yake ya mtaa wa Rwambuzi hakuna wa kumsikia. Utani uliishia hapo, na ulituuma.

Habari zikafika Gety. Geneviève akaja, safari hii bila mashangazi, akasema Mama Kanyere atakapostaafu, chumba kiko tayari kwao Gety. "Mama, ukuta iko ya matete tu. Siye wote tutakusikia bien, muzuri kabisa." Mama Kanyere akavuta kiti cha wagonjwa, akakaa, akafungua mdomo. Ndipo tulipompima meno kwa ajili ya kifuniko chake, maana sharti ni sharti.

Mama Kanyere, asante kwa mikono yako, kwa makelele yako, na kwa kila usingizi uliouokoa. Tunakuombea siku za raha Gety, midomo pamoja, meno yameachana. Ukikitoboa kifuniko, tutakutengenezea kingine. Na Geneviève akituletea habari kwamba bado unasaga, tutafurahi, kwa sababu tutajua kuna anayekusikia.