Jiko la Mtu Mmoja

Ndugu Katibu Tarafa, mgeni wetu rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Asajile, Mwenyekiti wa Kamati ya Karakana, mchungaji na shehe, mliokaa benchi moja tangu asubuhi bila kugombana, walimu wetu, wageni waalikwa kutoka Kawetele na Ikuti, wazee wangu, akina mama wenzangu, na watoto wa shule mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeliwa na wakubwa: asalaam alaykum, na mwaghonile.

Mimi ni Mwantum, mjane wa fundi Abdala, yule fundi bati wa pale sokoni Tukuyu. Nimepewa dakika kumi niwasifieni jiko kubwa, kwa sababu marehemu ndiye aliyelibuni, na kwa sababu karakana hii ya Kyimo tunayoifungua leo inaanza kazi nalo. Nitalisifu. Nikimaliza, naomba mnivumilie, maana nina neno langu.

Watoto, jiko lenyewe hilo hapo mezani. Ni debe la mafuta ya taa, hakuna zaidi. Unasimamisha chupa katikati, unashindilia vumbi la mbao pembeni mpaka lijae, lile vumbi ambalo wapasua mbao walikuwa wakilimwaga mtoni. Unaichomoa chupa polepole, linabaki tundu, unawashia kwa chini. Linawaka saa nne bila kuguswa. Ninyi mnajua hali yetu hapa Rungwe: mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kwa mazoea, na kuni za kukauka hazipatikani. Shule ya Kawetele inapika uji wa watoto mia mbili kwa majiko mawili ya namna hii. Zamani kila mtoto alifika na ukuni kichwani. Sasa anafika na mkoba wa nyuzi za migomba, na ndani yake daftari na rula ya mwanzi, vyote kazi ya akina mama wa hapa. Mti haujakatwa, na mtoto hajachelewa.

Lakini msidhani lilikuja hivi hivi. Jiko la kwanza lilitoa moshi mpaka jirani akaja na ndoo ya maji. La pili lililipuka, likanitoboa khanga mpya. Nikamwambia, "Baba Hajira, unatengeneza jiko au bomu?" Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Mama Hajira, lete debe jingine." Nikaleta. Nililalamika na nikaleta. Basi mnaposikia leo kwamba Abdala alibuni, jueni pia kuna mtu aliyekuwa akila ugali wenye harufu ya moshi kwa miaka miwili mpaka akafaulu.

Mwaka juzi Mungu akamchukua. Mlikuja wengi, Waislamu kwa Wakristo, mkanizikia, mkanipikia, na jiko lililowapikia waombolezaji lilikuwa hilo hilo la kwake. Arobaini ikapita. Hajira akarudi kwa mumewe Tabora, nanyi mkarudi mashambani, na hiyo ni haki yenu. Kesho yake nikapika mwenyewe.

Nilijaza debe kama siku zote. Mikono ilikuwa imezoea. Nikabandika mchele kikombe kimoja, ukaiva. Jiko linawaka. Nikabandika maji ya chai, yakachemka. Jiko linawaka. Nikabandika maji ya kuoga, nikaoga, nikavaa, nikarudi jikoni. Linawaka! Ukilimwagia maji umeharibu vumbi lote, kwa hiyo nikavuta kigoda nikakaa nalo. Ndugu zangu, mmewahi kukaa na moto usio na kazi? Ulikuwa moto mzuri, hauna moshi, kazi ya mume wangu, na hapakuwa na mtu wa kumpikia. Nilikuwa mpweke. Nalitamka neno hilo hapa mbele ya mgeni rasmi, wala sioni aibu, ingawa kwa mwaka mzima nililionea aibu.

Nilikaa na ule moto siku nyingi kabla ya kuchukua mkasi wa bati. Nikatafuta kopo la rangi, lile dogo. Chupa haikuingia, nikasimamisha gunzi la muhindi. Jaribio la kwanza lilizimika ndizi zikiwa mbichi, nikazila hivyo hivyo kwa hasira. Nikaongeza tundu kidogo, nikapunguza kushindilia. Sasa, hili hapa nililokuja nalo linakula konzi tano tu za vumbi. Linaivisha ndizi nne na mboga yake, kisha linazimika lenyewe, nami bado nakula. Sikai tena kulisubiri. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, nayo hamtaiona kwa kulitazama.

Nikalipeleka kwenye Kamati, ili liandikwe katika orodha ya vitu vitakavyotengenezwa hapa. Tulikuwa watu kumi na mmoja mezani. Ndugu Asajile akalipokea, akaligeuza juu chini, akauliza, "Mama Hajira, hiki ni kijiji cha ujamaa. Nani anakula peke yake?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka. Katibu wa Kamati akachukua rula, tena rula yetu wenyewe ya mwanzi, akalikata jina la jiko dogo kwa mstari ulionyooka kabisa.

Ndugu Asajile ni mtu mwema, na nalisema hili mbele yake. Bati la paa hili alilibeba kichwani kutoka barabara kuu huku mvua inampiga. Ana watoto tisa, na mama mzazi, na shemeji wawili, na kila apitaye njia anaitwa ndani. Nyumbani kwake sufuria ndogo haijapata kuonekana. Angejuaje? Mtu aliyeshiba makelele hawezi kujua nyumba nyingine inavyokuwa kimya. Aliuliza kwa nia njema na sisi tuliojua jibu tukaficha nyuso zetu.

Najua mtakachosema. Mtasema, si muungane, mle pamoja? Tumejaribu. Bibi Sekela wa Ikuti, yule pale mwenye kitambaa cha bluu, amealikwa kila nyumba ya mtaa wake, na hakuna aliyemnyima. Juzi aliniambia, "Gwe Mwantum, nimechoka kuwa mgeni. Nataka na mimi mtu anikute napika, nimwambie karibu." Mnasikia? Sahani ya jirani ni tamu, lakini ukila humo kila siku unaanza kupima kauli zako, unaosha vyombo usivyoombwa, unacheka visivyochekesha. Mtu anataka chungu chake, hata kikiwa cha ndizi nne.

Ndugu Mgeni Rasmi, orodha iko mbele yako na leo unaitia sahihi. Ukiisaini kama ilivyo, karakana itatengeneza madebe, na kopo halitapewa bati wala fundi. Mimi nitaendelea kujitengenezea la kwangu, nina mkasi. Lakini wengine je? Naomba kabla hujasaini tulijibu lile swali la Kamati, maana halikujibiwa.

Yeyote ambaye leo, tukitoka hapa, anakwenda kupika kwa ajili ya mdomo wake peke yake, namwomba asimame.

Msiogope. Mimi nimeshasimama, nimewatangulia.

Bibi Sekela, asante. Taratibu, mshikeni mkono. Mwalimu Lusungu, asante. Kwenu ni Songea, na kule kwenye nyumba za walimu hakuna wa kukuuliza umekula nini. Mzee Ambilikile, kaa, kaa na mguu wako, nimekuona. Hutaki kukaa? Haya, simama. Na wewe, Ezron, usiangalie chini. Kufiwa si kosa. Yule wa Kawetele simjui jina, asante mama. Na wale wawili mlangoni.

Felista?

Felista, mwanangu, unasimama kumpisha mtu, au unasimama?

Ndugu zangu, niacheni kidogo.

Huyu binti tunafanya naye kazi meza moja. Katika akina mama wote hakuna anayeshindilia debe kama yeye. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na mstari mmoja wa migomba. Tangu mwezi wa tatu, aliposema mumewe amerudi kutoka migodini kule Kitwe, kila siku naliona debe lake limejaa, sufuria kubwa juu, na harufu ya ndizi za mbalaga inafika kwangu. Nikajisemea, heri yake, nyumba imejaa. Nikaacha kupita, nisije nikawaingilia mume na mke.

Unasema nini, mwanangu? Sema wasikie. Haya, nitawaambia mimi. Anasema mumewe hakurudi. Anasema alikuwa anajaza debe ili sisi tusijue. Anapika sufuria nzima, na kabla hakujapambazuka anakwenda kuzika chakula kwenye shimo la mbolea.

Miezi mitano, Felista, na mimi niko pale pale nyuma ya migomba, na kopo langu. Nisamehe. Kama nisingecheka siku ile kwenye Kamati, pengine ungekuja.

Ndugu Asajile, uliuliza ni nani. Ni hawa. Nimehesabu wanane, pamoja nami tisa, na wapo ambao magoti yamekataa, nawaona na sitawataja.

Ndugu Katibu Tarafa, sikufundishi kazi yako. Kalamu unayo na karatasi unayo, na watu umewaona kwa macho. Nawashukuru viongozi walionipa nafasi, nakishukuru kijiji kilichonizikia mume wangu, nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mpaka hapa. Ndaga fijo. Ninyi mliosimama, nawashukuru kuliko wote. Kaeni sasa.

Felista, wewe usikae. Njoo uchukue hili kopo.