Magoti ya Bibi Tokuko

Ndani ya basi la Matsue, Bwana Kanzaburo alijifanya amelala huku masikio kayatega kwa mabibi wawili, wasiojuana, waliokaa mbele yake.

“Mpangaji wangu Mfaransa anaamini Wajapani wote hupiga magoti alfajiri, kimya, wakitafakari,” alisema Tokuko. “Sasa naamka saa kumi na moja nitafakari, nisimvunje moyo. Magoti yamekwisha!”

“Si umwambie ukweli, mwenzangu?”

“Nimwaibishe mgeni? Naye hupiga magoti pembeni yangu, machozi yakimtoka. Imani hiyo!”

“Imani gani? Magoti hayo!”

Basi likasimama. Kwa upenyo wa kope Kanzaburo alimwona mkewe kituoni, kamletea mwavuli. Lakini akiinuka sasa, si watajua alikuwa akiwasikiliza? Basi likaondoka naye, akikoroma kwa adabu zote.