Dawa ya Wadudu ya Theonest

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Segerea na wafiwa wote, mimi Kokushubila, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya mdogo wangu Theonest, nami nitayasoma yalivyo, kwa sababu kitinda mimba wetu, Sebastian, yupo hapa anasikia, na macho yake ya njano mmeyaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1987 hadi 1993, akaja Dar es Salaam mwaka 1999, akachoma kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kwenye majiko ya watu hadi alipofungua lake hapa Segerea mwaka 2009. Alifunga ndoa na Jovina tarehe 6 Septemba 2008, wakajaliwa Lulu na Benson. Alikuwa mcheshi, mbishi, na mkarimu kupita kiasi.

Kila sahani ya kitimoto aliishushia kwa pombe kali, akisema nyama ile bila kitu kikali ni kujitafutia wadudu tumboni, akawamiminia wateja, akammiminia na Sebastian, nao wakamwamini, maana hakuna aliyewahi kumwona akiyumba. Mwezi Mei 2024 tumbo likajaa maji, akatapika damu, na daktari akatueleza kwamba tumboni mwa kila mtu wanaishi bakteria, wengi wao walinzi wetu, ila pombe ya miaka yote ile iliwapunguza wale wema, ikawaachia nafasi wabaya, ikalegeza ukuta wa utumbo, na sumu yao ikavuja kwenda kwenye ini ambalo pombe yenyewe ilikuwa imeshalijeruhi. Jamani, imeniuma. Alipopata nafuu aliacha, kisha akarudia kidogokidogo, akafariki hospitalini Jumanne tarehe 9 Septemba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wachomaji wenzake, na majirani, hasa Mzee Shomari, ambaye kwa imani yake hakuwahi kukanyaga jikoni kwa marehemu, lakini hakuacha kuja kumjulia hali.

Ndugu zangu, nilipofika kwenye maneno ya daktari, Sebastian aliinuka, na sasa yuko nyuma ya turubai na wale wanaosema wanapunguza uchungu. Sebastian, spika inafika huko, weka hiyo glasi chini, njoo ukae na mama, na kesho asubuhi twende wote hospitali.

Theonest, pumzika kwa amani, ila mwenzako usimwite.