Silinda Iliyo Ndani ya Sanduku la Jaku

Bismillahi. Mheshimiwa Sheikh Shamsi, uliyemfundisha mwanangu herufi zake za mwanzo. Fundi Mkuu Mabrouk wa karakana ya bandarini. Bwana Usi, jirani yetu wa mlango kwa mlango. Mabwana mlioko ukumbini, na mabibi mlioko nami huku nyuma ya pazia: Assalamu alaykum.

Nyumba nzima inakusalimuni. Mama mkwe wangu Bi Mwanakheir, ambaye magoti yamemkataza ngazi, anakusalimuni kutoka ghorofani, na kasema asitoke mtu bila ya kunywa kahawa. Mume wangu Mzee Machano, huyo aliyekaa karibu na mlango akijifanya hana wasiwasi, anakusalimuni. Binti yangu Wanu, aliyeko uani na mabirika, anakusalimuni. Na Jaku mwenyewe atakusalimuni akiacha kuifuta ile mashine, maana tangu adhuhuri anaifuta mpaka naihurumia.

Mimi ni Mwatum, mama yake. Kusoma kwangu kuliishia chuoni, kwenye Kurani, na maneno haya nimeyaandika kwa herufi za chuoni, siku mbili, nikiandika na kufuta. Nikikwama mnisubiri. Sitokwama sana.

Kesho asubuhi Jaku anapanda meli kwenda Mombasa, skuli ya ufundi wa mashine za meli, miaka mitatu. Kilichompeleka huko mnakiona juu ya meza: mashine ya mvuke isiyopita shubiri moja, inayokunywa maji kikombe kimoja na kuzungusha gurudumu lake kama zile kubwa za melini. Kaiunda katika chumba cha chini, tulimokuwa tukiweka makaa, kwa tupa tatu na kerezo la kuchongea shaba, la kuzungusha kwa mguu. Shaba yake ni vipande vilivyotupwa. Uzi uliozungushwa kwenye pistoni ili mvuke usipenye ni uzi wangu wa kushonea kofia, uliochovywa mafuta. Nani katika mtaa huu alimfundisha? Hakuna. Alikaa akaitazama mashine ya watu, akarudi nyumbani akakosea, akakosea tena, mpaka akapata.

Na mwaka huu ilipokwisha kuundwa haikutaka kwenda sawa. Ilichechemea. Siku kumi na moja akikisogeza kile kijiti kinachoufungulia mvuke njia, kiasi cha unene wa ukucha, akisikiliza, akikirudisha nusu yake. Mimi niko juu nashona kofia, na nikishona huwa nasikia kila kitu. Siku ya kumi na moja nikaita, "Jaku."

"Naam, mama."

"Hapo hapo. Usiiguse tena."

Hakuigusa, na mpaka leo iko hapo hapo. Kwa hivyo mabwana, mkisikia inavyopiga, mjue na mimi nimo.

Lakini nimo kwa jengine pia, na hilo ndilo lililonisimamisha.

Mnakumbuka Iddi Ndogo ya mwaka jana, mwaka wa hamsini na nne. Jaku alikualikeni siku ya tatu ya Iddi mje kuiona mashine. Wengi wenu mlikuwa mmekaa hapo hapo mlipokaa leo. Stovu ikawaka, maji yakachemka, mvuke ukatoka kila pahala isipokuwa pale unapotakiwa, na gurudumu halikuzunguka hata mara moja. Bwana Usi ukasema, "Jaku, hii mashine au buli? Tia majani basi, tunywe chai." Watu wakacheka. Na mimi huku nyuma nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilidhani ni jambo dogo.

Ndipo Fundi Mabrouk ukaifungua mashine, ukakishika kile kibomba cha shaba ambamo pistoni hupanda na kushuka, wenyewe mnakiita silinda, ukatia kidole ndani, ukasema mbele ya watu wote, "Mikwaruzo mitupu. Umekereza kwa pupa. Mkono wako bado." Barua ya skuli ambayo ungemwandikia mwezi ule hukuiandika, na skuli huchukua vijana mara moja tu kwa mwaka. Mwaka wa mwanangu ukapotea kwa maneno yale.

Fundi Mabrouk, sikulaumu. Jicho lako ni jicho la fundi, na ulichokiona kilikuwapo. Uliiona mikwaruzo. Hukuuliza nani kaitia.

Niliitia mimi.

Usiku wa kuamkia Iddi tunasugua vyombo, mabibi wote humu wanajua: masinia, mabuli, vyetezo, kwa ukwaju na mchanga. Silinda ilikuwa juu ya sinia, imefunguliwa, nyeusi kwa mafuta. Nikasema, mtoto huyu anaalika watu na chombo chake kichafu namna hii? Nikaisugua. Nje ikang'ara. Nikazungusha kitambaa kwenye mpini wa mwiko, nikachovya mchanga, nikaisugua na ndani, kwa bidii, kama ninavyosugua koo la buli. Nikairudisha pahala pake nikifurahi kwamba atashangaa.

Watu walipoondoka nilitia kidole changu, nikajua. Mbona sikusema? Niliona haya kwanza. Kisha nikasema nitamwambia Iddi ikipita. Iddi ikapita, nikamkuta keshaanza silinda nyengine, na kila siku aliyoifanyia kazi ilifanya maneno yangu yawe mazito zaidi. Miezi kumi. Ile ya kwanza kaitundika msumarini juu ya meza yake.

Juzi nampangia sanduku, nikaikuta imo, kaifunga ndani ya kikoi. Nikamuuliza, "Hii ya nini tena?"

Akasema, "Isinitoke, mama. Nikumbuke kuwa mkono wangu una pupa."

Nikapanda juu kwa Bi Mwanakheir nikamwambia yote. Akanitazama, akasema, "Mwaka mzima, Mwatum? Na wali ulikuwa unakushuka?"

Ulikuwa haunishuki.

Basi Jaku, mwanangu, mkono wako hauna pupa na haujapata kuwa nayo. Silinda ile ulipoimaliza ilikuwa nzima. Fundi Mabrouk, neno lako ulilitoa mbele ya watu hawa. Nakuomba kwa heshima, kabla ya kahawa, ulirudishe mbele yao. Nawe Bwana Usi, mashine ikishawashwa, tafadhali njoo na kikombe chako cha chai, tuone utapewa nini.

Nakushukuruni nyote, mliokuja na mliosikiliza mpaka hapa. Nimebakisha dogo, la mwanangu.

Jaku, ile silinda itoe sandukuni, unipe. Nitaitundika jikoni kwangu, juu ya masinia, nikishika ukwaju niione. Kule ule ushibe, na usitie mkono kwenye mashine inayokwenda. Na hili nililolisema leo usinijibu hapa. Hapa utasema "hapana neno, mama," kwa kuwa watu wanakutazama na wewe una adabu. Nijibu ukiwa peke yako, kwa barua, kwa meli ya kwanza inayorudi Unguja. Usichelewe, baba. Nitakuwa nashona dirishani, upande wa bandarini.