Mkono wa Tatu Kwenye Kioo

Kosa lililomkaa rohoni Fundi Picha halikuwa la mashine. Asubuhi ile mkunga wa zahanati alimpigia simu kwamba kioo cha kupimia wajawazito kimeonyesha mtoto mwenye mikono mitatu, naye akamjibu kwa ukali kuwa amebonyeza vibaya. Programu inayochora picha kwenye kioo kile aliiandika yeye. Sasa alikuwa kwenye benchi la kona, kahawa imempoa mkononi, akiwaeleza wenzake.

— Picha naziweka kwenye visanduku vya kumbukumbu, nafasi ndogo ndani ya mashine. Viko vichache, basi kimoja kikishatumika, nakijaza picha nyingine.

Antena, fundi wa redio, alisema hilo ni joto tu. Kinyozi akasema mashine imechoshwa na watoto wa watu, imeanza kuwachanganya. Antena hapendi kushindwa: akasema ni mapacha, mmoja kajificha nyuma ya mwenzake. Kinyozi akajibu kwamba basi huyo ni wa ukoo wa Antena, maana kwao wakisikia kazi hujificha.

Mama Birika, muuza kahawa mwenye vikombe haba na wateja tele, akakwapua kikombe cha Kinyozi, akamwaga kilichobaki, akakisuuza, akamjazia mteja mwingine.

— Mama, sikuwa nimemaliza.

— Si umekiweka chini?

— Nimekiweka chini nijikune.

Benchi likacheka, isipokuwa Fundi Picha. Programu yake ilifanya hivyo hivyo. Ikishakikabidhi kioo picha, ilihesabu kisanduku ni kitupu. Haikungoja kioo kiseme kimemaliza kuchora. Picha mpya ilimwagwa juu ya ile ambayo bado ilikuwa inasomwa.

Mara mkunga akatokea, sare bado mwilini. Hakuketi.

— Yule mama mjamzito aliyeona mikono mitatu yuko nje ya zahanati toka asubuhi. Hali chakula, hataki kurudi nyumbani. Nimwambie nini?

Fundi Picha akasimama.

— Dada, mkono wa tatu ni ule ule wa pili. Mtoto aliusogeza, programu yangu ikauchora ulipokuwa na ulipohamia kwa pamoja. Hukubonyeza vibaya, nilikuonea. Mungu anisamehe, na wewe pia. Turekebishe picha baadaye. Kwanza naomba unipeleke kwake, nimwambie mwenyewe.