Bi. Nyanchera Okemwa, Aliyetetea Mlo wa Pili wa Sungura

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi katika kituo chetu cha kutibu wanyama mjini Kisii, Bi. Nyanchera Okemwa anastaafu tarehe 31 Julai. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajaribu, lakini nina hasira, na wenzangu wanajua sababu.

Alizaliwa Nyacheki, akaja kwetu kama msaidizi wa maabara, akasoma hadi akawa mtaalamu wa afya ya mifugo. Ametibu ng'ombe na mbuzi kutoka Nyamache hadi Nyamira. Kwa sungura wa kufugwa nyumbani hakuwa na mpinzani, nasi tulimcheka kwa hilo. Tulimwita Daktari wa Mavi, maana kila aliyeleta sungura aliagizwa aje na choo chake kwenye karatasi. Punje za mviringo na kavu, sungura ni mzima. Zikiwa ndogo na chache, anakosa nyasi. Zisipoonekana kabisa, usingoje kesho.

Miaka sita iliyopita Mama Hawo, mjane anayeuza vitambaa mjini, alimleta sungura wake wa pekee akiwa amejikunja, hajala wala kunya tangu jana yake. Shingoni alikuwa amevishwa koni iliyokatwa kwenye jerikeni. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo alikuwa amemwambia kwamba sungura anayekula kinyesi chake ana wazimu. Azuiwe kwa koni hiyo, na alishwe mkate apate nguvu.

"Mama, huyu hakuwa mgonjwa," Bi. Nyanchera alimwambia huku akiikata ile koni. "Amefanywa mgonjwa."

Akamweleza kwamba sungura hutoa choo cha aina mbili. Punje kavu huziacha. Zile laini, zinazong'aa na kushikana kama suke, huzila zikitoka tu, kwa sababu bado zimejaa vitamini ambazo tumbo halijazifaidi.

"Ng'ombe anacheua mbele yetu na hatumfungi mdomo," alisema. "Huyu kosa lake ni nini?"

Kwa siku mbili alimlisha nyasi zilizopondwa na maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, akimkanda tumbo polepole. Siku ya tatu alituita sote tukatazame punje tano kavu. Mama Hawo alilia. Mimi nilicheka tena, kisha nikaona haya.

Bi. Nyanchera aliichukua ile koni, akaenda nayo dukani, akaiweka juu ya kaunta mbele ya wateja. Muuzaji akalalamika. Na ofisi yetu, badala ya kumuuliza muuzaji huyo alisomea wapi, ikamwandikia Bi. Nyanchera barua ya onyo kwa kuharibu sifa ya kituo! Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama naye. Kwa barua hiyo alinyimwa cheo mara mbili. Hata hivyo, hakuna sungura mwingine aliyetujia na koni ya duka lile. Hilo alilifanya peke yake.

Bi. Nyanchera, asante kwa kutufundisha hata tulipokudhihaki. Nenda Nyacheki ukapumzike kwenye shamba lako la chai, Mungu akupe afya na siku nyingi. Na mtu akibisha hodi na sungura kikapuni, mpokee, tafadhali. Sisi bado hatujastahili kuaminiwa.